Pedi Nane katika Beseni la Shangazi

Wazo la kukutana gerejini lilikuwa langu, na ninalitaja mapema ili lawama zikae mahali pake. Kikundi chetu cha waendesha pikipiki kilikuwa na mwenyekiti, kaulimbiu na vizibao vinavyong'aa gizani. Kitu pekee ambacho hakikuwa nacho ni mtu mmoja aliyewahi kufungua pikipiki yake mwenyewe. Tulikuwa wanne, na pikipiki zetu zote zilikuwa za aina moja, hata rangi, kwa kuwa kaka yangu alinunua ya kwanza na sisi wengine tukaona kuwa kufikiri upya ni usumbufu. Mwenyekiti, mtu wa ofisini, alitoka Rayners Lane. Wa tatu alikuwa muuguzi kutoka Mombasa, mcheshi kwa kiwango ambacho kiliwachosha hata wagonjwa wake, nadhani. Wa nne nilikuwa mimi, mwanamke pekee, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika masuala ya udongo.

Gereji yenyewe ilikuwa ya kaka, ubavuni mwa nyumba yake huko Hounslow, magharibi mwa London, na ilikuwa na kila kifaa isipokuwa kilichowahi kutumika. Spana zilining'inia ukutani kwa ukubwa wao, kuanzia ndogo hadi kubwa, zikiwa bado na vibandiko vya dukani. Kaka aliwaonyesha wageni ukuta ule kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeanguka. Ilikuwa kwenye kipilefti, barabara imelowa, na gari la mizigo lililokuwa mbele yangu likasimama ghafla. Sikuvunjika mfupa. Niliinuka, nikamhakikishia mpita njia kwamba mimi ni mzima, kisha nikakaa ukingoni mwa barabara nikishindwa kufungua kamba ya helmeti kwa sababu vidole vilikataa kunitii. Tangu hapo mkono wangu wa kulia ukawa unatetemeka kila ninapoukunja, hata kwenye kikombe cha chai. Nilisema kwamba breki haikushika. Nilimwambia kaka hivyo, nikamwambia wifi yangu, nikamwambia msimamizi wangu wa utafiti. Na kadiri nilivyolirudia jambo hilo ndivyo nilivyozidi kutojua kama nalikumbuka tukio au nayakumbuka maelezo yangu.

Kaka alitoa sharti. "Tutaifungua hiyo breki," alisema. "Ikiwa ni breki, endelea kuendesha. Ikiwa ni wewe, unaiuza pikipiki, na huko mashambani kwako nitakupeleka mwenyewe."

Mashamba hayo ya majaribio yalikuwa nje ya jiji, mahali ambapo basi halifiki, na bila kuyatembelea utafiti wangu ungekufa. Kaka yangu hajawahi kunipeleka popote pasipo kuchelewa, wala pasipo kunieleza njia nzima jinsi wenzangu wa umri wangu walivyokwisha kuolewa. Lakini pikipiki yangu ililala katika gereji yake, nami nililala katika chumba kilicho juu ya jikoni kwake. Nilikubali. Niliomba tu kwamba breki ifunguliwe mbele ya watu, na kwa ajili hiyo nikapendekeza siku ya matengenezo kwa kikundi kizima. Mtu mmoja akitoa hukumu nyumbani kwake huwa ni amri. Wanne wakiona kitu kimoja kwa macho yao huwa ni ushahidi. Ndivyo nilivyoamini wakati huo.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu uwezo wa kaka wa kuchunguza. Anao ugonjwa mmoja anaoujua, nao ni baridi. Betri ikifa ni baridi, mlango ukikwama ni baridi. Pikipiki yake ilipoanza kulia kama bawaba kavu kila asubuhi alipompakia wifi kumpeleka kituo cha treni, alisema ni baridi, akaongeza sauti ya wachambuzi wa mpira ndani ya helmeti.

Nilituma ujumbe wa mistari mitatu kwenye kundi letu la simu: siku, vipuri nilivyokwisha kuagiza, na ombi kwamba kila mtu aje na glavu. Kufikia jioni ujumbe ulikuwa umeota mkia. Kulikuwa na sala ya ufunguzi, neno la mwenyeji, neno la mwenyekiti, picha ya pamoja, chakula, na sala ya kufunga. Matengenezo yalikuwa yamebanwa kati ya picha na chakula, kama mtoto wa kambo kwenye kiti cha nyuma.

Siku ilipofika, mwenyekiti alihutubia watu watatu kwa sauti ya kuhutubia uwanja. Ndege zilikuwa zikishuka juu ya paa moja baada ya nyingine, na kila ilipopita moja alinyamaza akiwa ameinua kidole, akasubiri, kisha akaendelea pale pale alipoachia sentensi. Sijawahi kuona kiumbe aliyeheshimu maneno yake kiasi kile. Alisema pikipiki ni umoja. Alisema breki ni nidhamu. Muuguzi aliuliza kama klachi nayo ni ndoa, na mwenyekiti akaahidi kulitolea ufafanuzi swali hilo katika mengineyo.

Nilichofanya mimi wakati huo ni kupanga kazi. Maabara ilinifundisha kwamba sampuli zikichanganyika hakuna tena utafiti, kuna uchafu tu. Kwa hiyo nilichukua masinia manne makubwa kutoka jikoni, nikayapanga sakafuni, nikabandika namba kwenye kila moja. Kila pikipiki na sinia lake. Kila kitakachotoka kwenye breki ya mbele kiwekwe humo: boliti, pini, na zile pedi mbili zinazobana diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu. Ukizitazama pedi utajua breki ilikuwa hai au imekufa, kwa kuwa zenye afya zina unene unaolingana, na breki iliyokwama hula upande mmoja mpaka mfupani. Sinia la nne lilikuwa langu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimelegeza boliti ya kwanza pale sauti ya shangazi ilipotoka jikoni. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekuja kutoka Tanga kumsaidia wifi na mtoto mchanga, na siku hiyo wifi alikuwa kazini.

"Wewe mtoto wa kike! Wanaume watatu wako huko, mimi niko peke yangu na sufuria linanishinda nguvu. Hebu njoo!"

Hakuna aliyeona ajabu. Kaka alinyoosha mkono, akaichukua spana kutoka mkononi mwangu kana kwamba alikuwa ameniazima.

"Nenda, mdogo wangu. Nitakufungulia."

"Weka kila kitu kwenye sinia la nne. Usisafishe chochote. Nitaangalia mwenyewe."

"Dadangu, hiyo ni breki," muuguzi alisema. "Maiti ndio hawaguswi mpaka daktari aje."

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka mwisho, kama inavyompasa kiongozi.

Jikoni nilipewa vitunguu. Nilivikata vyembamba na kwa usawa, kwa hasira iliyopimwa, huku nikisikiliza sauti za gerejini na kujaribu kukadiria walipofikia. Shangazi alifunua pilau, akaridhika, akatazama rafu tupu, akatoka kutafuta masinia yake. Nilimwona akitoka. Mimi, ambaye hulifikiri kila jambo mara tatu na kuomba radhi kwa lile ambalo sijalifikiri, sikulifikiri hilo hata mara moja. Nilisikia maji yakifunguliwa kwenye bomba la nje, kisha msuguo mrefu wa stilwaya, na nikajiambia kuwa anaosha kitu.

Nilipotoka na bakuli la kachumbari, masinia yangu manne yaliegemea ukuta yakimeta. Chini yake palikuwa na beseni lililojaa povu, na ndani ya povu hilo, vikiwa vimeoshwa kimoja kimoja, vilikuwamo vyuma vyote vya pikipiki nne.

"Masinia ya chakula mnatilia vyuma!" shangazi alisema. "Mlitaka wageni wale nini, grisi?"

"Shangazi, vilikuwa vimepangwa."

"Na sasa vimeoshwa."

Niliwatazama wale wanaume watatu. Walikuwa wamesimama tangu mwanzo hadi mwisho wa uoshaji ule, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mtu mzima hazuiwi kufanya wema. Ndiyo adabu yetu. Inaweza kuangamiza kitu chochote ikiwa imetabasamu.

Nilitumbukiza mikono katika beseni na kutoa pedi zote, nikazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa nane. Saba zilikuwa na unene wa kawaida wa kitu kilichotumika. Ya nane haikuwa na kitu. Ilikuwa chuma kitupu, na hicho chuma nacho kilikuwa kimelika kwa mshazari.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo palitokea ukimya ambao haukusababishwa na ndege.

"Hii ni ya nani?" mwenyekiti aliuliza.

Muuguzi alisema yake ilikuwa nzima, wallahi, aliiona kwa macho mawili. Mwenyekiti alisema kwamba mtu wa nafasi yake hawezi kuendesha katika hali kama ile, jambo ambalo lilikuwa maelezo ya nafasi yake, si ya pedi. Kaka alikuwa akifuta spana iliyokuwa safi.

"Ni ya mdogo wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeifungua."

"Si ndiyo iliyoanguka?" muuguzi alidakia. "Basi! Kesi imekwisha."

"Uliiona ikitoka kwenye pikipiki yangu?" nilimuuliza kaka.

"Nimesema ni yako."

Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa nimeitaka pedi ile iwe yangu kwa mwezi mzima, nilikuwa nimeiota. Lakini niliona jinsi walivyoisukuma kuelekea kwangu, kila mmoja kwa kidole chake, na nikaelewa kwamba nao waliitaka iwe yangu, kwa sababu isiyo yangu. Mwanaume gani angekiri, mbele ya wenzake na kizibao chake, kwamba ameacha breki yake iliwe mpaka chuma? Mwanamke aliyekwisha kuanguka alikuwepo. Nilifaa mno.

"Ili tusigombane," alisema mwenyekiti, "wanaokubali kwamba pedi hii ni ya dada wanyooshe mikono."

Waliipigia kura. Sitii chumvi: watu wazima watatu walinyoosha mikono juu ya gazeti lenye povu ili kuthibitisha jambo la chuma. Shangazi, aliyekuwa akipita na sufuria, aliuliza kinachopigiwa kura, na alipoambiwa kwamba ni kitu cha kunisaidia mimi, naye akanyoosha mkono uliokuwa na mwiko.

"Imepita," alisema mwenyekiti. "Pole sana, dada. Breki ndiyo iliyokuangusha."

"Haya," kaka alisema. "Utaendelea kuendesha. Tule."

Jamvi lilitandikwa, na watu wakaenda kunawa. Mimi nilibaki nimechuchumaa, pedi ikiwa mkononi, na ndipo nilipofikiri kile ambacho ningepaswa kukifikiri kabla ya vitunguu. Chuma hakisuguani na chuma bila kuacha alama. Pedi zinaweza kuchanganywa, zinaweza kuoshwa, zinaweza kupigiwa kura. Diski imefungwa kwenye gurudumu, na magurudumu yote manne yalikuwa pale pale.

Nilianza na yangu. Nilipitisha ukucha upande wa nje wa diski, kisha upande wa ndani. Ilikuwa laini kama chini ya sahani. Nilirudia, polepole, kwa sababu nilitamani sana ukucha ukwame. Haukukwama. Breki yangu ilikuwa nzima. Kilichotokea kwenye kipilefti ni kwamba niliogopa nikaibana kwa ngumi, na gurudumu la mbele likakwama, likateleza kwenye maji.

Diski ya muuguzi ilikuwa laini. Ya mwenyekiti pia, nidhamu tupu. Ya kaka ilikuwa na matuta upande wa ndani, mstari kwa mstari, kama shamba lililolimwa kwa haraka kabla ya mvua, na ukucha wangu uliruka kutoka tuta hadi tuta.

Nilipoinua macho, kaka alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikidondosha maji.

"Pilau inapoa," alisema.

"Si baridi, kaka."

Alitazama nyuma kuelekea kwenye jamvi, ambako muuguzi alikuwa akisimulia kitu na mwenyekiti akisubiri zamu yake ya kusimulia. "Punguza sauti."

"Ulijua tangu ulipoifungua yako."

Alijifuta mikono kwenye suruali. Sijui mpaka leo kama ni yeye aliyemwonyesha shangazi masinia yalipokuwa. Nimelipima swali hilo kwa namna nyingi, na kila namna inampunguza kwa kiasi kilekile.

"Wifi unampakia kila asubuhi," nilisema.

"Nitanunua diski. Jumatatu."

"Mpaka inunuliwe, pikipiki hii haitoki." Nilichomoa ufunguo wake na kuutia mfukoni.

Alinitazama. Alikuwa na macho ya baba alipokosea, yale ya kutafuta nani mwingine yuko chumbani. Kisha akateremsha sauti zaidi. "Na yako? Kama pedi si yako, basi ni wewe uliyejiangusha. Tulikubaliana."

"Kikao kimekwisha kuamua," nilisema. "Kwa kauli moja."

Nilikwenda kula. Nilikula kwa mkono wa kulia, punje zikidondoka, katika sinia ambalo bado lilikuwa na namba nne kwenye ukingo, na nilimsikiliza mwenyekiti akieleza, kwa kuwa aliahidi, ni kwa vipi klachi ni ndoa.

Wiki iliyofuata kaka na wifi walipanda basi. Kwenye kundi la simu aliandika kwamba amepumzisha pikipiki kwa sababu ya baridi, na mwenyekiti akampongeza kwa kujali usalama. Sikuandika lolote. Jumatatu asubuhi nilitoa pikipiki yangu ikiwa na pedi mpya nilizofunga mwenyewe, nikaelekea mashambani. Kwenye kipilefti kilekile nilianza kubana breki mapema mno, kwa vidole viwili, polepole kama mtu anayeshika yai, na dereva aliyekuwa nyuma akanipigia honi ndefu ya dharau. Pikipiki ilisimama. Nilikaa pale, mguu chini, nikiungoja mkono wangu utulie kabla ya kuiachia breki.