Neno Nililoliongeza Mimbarini

Siku yangu ya kwanza kazini, kasisi aliyeniajiri katika parokia yetu ya Kianglikana ya Kaloleni alinisimamisha hatua moja nyuma ya bega lake. "Mhubiri akimaliza sentensi, ipokee kwa Kiswahili," akaniambia. "Usimdandie. Usiongeze chumvi, usipunguze. Akikosea, kosea naye."

Niliajiriwa kuwa mwinjilisti, yaani mtumishi wa parokia asiye kasisi: kuwatembelea wagonjwa na kufundisha vijana wa kipaimara. Lakini wageni wengi walihubiri kwa Kiingereza na wazee wetu walitaka Kiswahili, kwa hiyo ukalimani ndio uliomeza miaka yangu.

Nilihudumu chini ya makasisi wanne. Wa pili alimwaga sentensi tatu kwa pumzi moja, nikajifunza kukariri. Wa tatu alipenda mizaha isiyotafsirika. Nilikuwa nikiwaambia waumini, "Kasisi ametania, chekeni," nao wanacheka kweli. Wa nne alikuwa mwanamke mtaratibu, asiyeamua jambo kabla ya kulilalia usiku mmoja. Ni wakati wake yalipotokea haya.

Kyalo, mpiga kinanda wetu, alikuwa ameacha kuja kanisani. Mama yake, kiongozi wa akina mama, alisema kijana amehamia mtaa wa Fedha ili awe karibu na kazi. Mimi nilijua zaidi, kwa sababu mama huyo alinijia akilia: Kyalo alikuwa amemwambia kwamba anapenda wanaume, si wanawake. Nikaishika siri hiyo.

Jumapili moja mhubiri mgeni akazungumzia ushoga. Nilimtafsiri vizuri mpaka alipopaza sauti kwamba watu hawa waondolewe katikati yetu. Macho yangu yalikuwa kwa Mama Kyalo, benchi la pili. Nikasema, "Watoto wetu hawa waondolewe katikati yetu."

Waliojua Kiingereza walinishangaa, kisha wakafuata macho yangu mpaka kwake. Mama Kyalo akachukua Biblia yake, akatoka.

Baraza la parokia likaniita. Mzee wa kanisa, fundi mstaafu wa reli, alianza. "Maandiko yako wazi. Mwinjilisti ameyapaka sukari."

"Kwani si watoto wetu?" akauliza mwalimu mmoja kijana, mjumbe wa baraza. "Tumewabatiza hapa hapa. Na hayo maandiko, Mzee, wako wasomi wanaoyasoma vingine."

"Mtoto wangu akiiba ni wangu bado, lakini wizi ni wizi."

"Kupenda si kuiba, Mzee."

Kasisi akanigeukia. "Mwinjilisti, ulikuwa unatafsiri au unahubiri?"

"Nilihubiri, Kasisi."

Akanizuia mimbari miezi mitatu. Sikubishana, kosa la kazi ni kosa. Ajabu ni kwamba kwa imani nilikuwa upande wa yule mzee. Ndivyo nilivyowafundisha vijana miaka yote.

Nilikwenda kwa Mama Kyalo nikidhani atanishukuru. Hakunikaribisha kiti.

"Ulitaka kunihurumia, ukanianika," akasema. "Sasa hata muuza mboga ananiuliza habari za Kyalo kwa sauti ya msibani."

"Nisamehe, Mama Kyalo."

"Nitajaribu. Lakini niambie, wewe unaamini nini? Usinipe ya Kasisi, wala ya yule mgeni."

"Nilidhani najua," nikasema.

"Basi nenda kwa Kyalo. Mimi nimechoka kuulizwa kwa niaba yake."

Sikwenda. Niliona haya, kisha nikajifanya nina shughuli. Mama Kyalo alirudi kanisani baada ya Pasaka, akaketi benchi la nyuma. Nami nilirudi mimbarini, nikatafsiri bila kuongeza kitu mpaka nilipostaafu. Mzee wa reli na yule mwalimu bado hawajakubaliana, ingawa ni mwalimu anayempeleka mzee kliniki ya macho. Kasisi amehamishwa. Alituachia ombi moja tu, kwamba asizungumziwe mtu ambaye hatujazungumza naye.

Ombi hilo lilinitafuna. Wiki ya pili ya kustaafu nilikwenda Fedha, nikapanda ngazi za jengo alikopanga Kyalo, nikabisha. Alifungua mlango nusu. Alikuwa amenenepa kidogo, ana miwani.

"Mwinjilisti! Umetumwa na kanisa?"

"Hapana."

"Na mama?"

"Alinituma zamani, nikachelewa. Leo nimekuja mwenyewe."

Aliachia kitasa. Kisha akasogea kando.

"Viatu baki tu navyo," akasema. "Ingia."