Sufuria Katika Maombi

Jumamosi nilikuwa Mbooni kwa dada yangu, aliyewaalika akina mama wa kanisa lake waonyeshwe sufuria mpya, kubwa na ndogo. Muuzaji alikuwa mama kijana kutoka Kwa Vonza. Asipouza hata moja siku hiyo, kampuni ingempa mtu mwingine kazi yake.

Alisimama, akashika kifuniko, akakikodolea macho. 

"Sema tu, mwaitu," mama mmoja akamwambia. "Hatuumi."

Akainama zaidi. Dada yangu akamhurumia, akamwomba atufungulie kwa maombi. Tukafumba macho.

Hapo sauti ikatoka. Akamshukuru Mungu kwa sufuria nene isiyounguza isyo, mahindi yetu na maharagwe, kwa mpini usiochoma mkono, kwa kuni chache.

"Na ile ndogo?" mama mmoja akauliza, macho bado kayafumba.

"Hiyo ndogo, Bwana, wajua kifuniko chake kimelegea kidogo, lakini maharagwe inaivisha."

Baada ya Amina, wanne waliagiza, wawili wakichukua ile ndogo. Ningependa wauzaji wetu wote waanze hivyo. Ni vigumu kuficha kifuniko kilicholegea unapozungumza na Mungu.