Nisomee Nilipo

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, katikati ya shamba la ngano la serikali kule Hanang. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa. Na msinitafutie usiku wa manane wala sauti za bundi. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma utosi, na mlima unaonekana wote mpaka kileleni. Yule mtu nilimwona kama ninavyowaona ninyi hapo.

Mimi ni wa Tlawi, huko juu Mbulu kwenye baridi na viazi. Miaka hiyo nilikuwa kidato cha tano, na likizo ya Desemba nilishuka Hanang kutafuta kibarua. Nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda. Sabuni tulikuwa tukiikata kwa uzi bwenini ili kila mtu apate kipande, na chai ya sukari ilibaki kusimuliwa tu. Kwa hiyo tuliposikia ngano, ngano, mashine kubwa kutoka ng'ambo, mkate kwa kila mtu, mimi niliamini. Tena niliamini kuliko hata wale waliolipwa kutuaminisha.

Shida ni kwamba ardhi ile ilikuwa na watu wake. Wabarabaig walichunga pale tangu babu zao. Wakaambiwa wahame, wakahama. Ng'ombe wao hawakuambiwa kitu, wakarudi kwenye njia yao ya zamani ya kwenda majini, wakakutwa ndani ya ngano, wakakamatwa. Nilikuwa nayaona haya kila wiki, na kila wiki nilikula ugali wangu wa kambini nikashiba vizuri.

Kazi yangu ilikuwa ya heshima. Nilikuwa karani wa wapimaji kwa sababu ya mwandiko wangu. Kabla trekta hazijaingia eneo jipya, msimamizi wetu na mimi tulitangulia kwa miguu, mimi nikiwa na daftari na penseli. Daftari lilikuwa na safu mbili tu: miti na vichuguu. Tukikuta mti mkubwa, naandika. Tukikuta kichuguu, nakipa namba na kuandika kisawazishwe. Nyuma yetu lilikuwa linakuja buldoza, na buldoza halibishani na daftari.

Siku ya tatu tukafika kwenye kilima cha udongo kirefu kupita mtu, kipana chini, chembamba juu, kimepigwa udongo kwa mikono na kuchomekwa fito kileleni. Kichuguu hakijengwi hivyo. Wenyewe wanakiita bung'eda, ni kaburi la mzee aliyeheshimiwa sana, na ukoo mzima unakijenga kwa miezi. Mtu akipita anachuma majani mabichi na kuyaweka pale, na wanamwambia marehemu habari za nyumbani kama vile yuko macho. Msiniambie labda sikujua. Hata mtoto wa Tlawi anajua. Na kwetu pia majani mabichi mkononi maana yake ni amani.

Chini ya kilima kile alikuwa amekaa bibi mmoja, amevaa ngozi kuukuu, na bangili za shaba kwenye mikono iliyokonda. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye unaandika?"

"Ndiyo, bibi."

"Andika hapa kuna mtu. Mume wangu. Mashine ikija, ione imeandikwa, ipite kando."

Nilimgeukia msimamizi. Alikuwa anafuta jasho, na jua lilikuwa limemchosha. Hakuwa mtu mkatili, nataka mlijue hilo. Alikuwa na haraka tu.

"Safu ya watu iko wapi hapo kwenye daftari?" akaniuliza. "Andika kichuguu, twende. Bado heka chungu nzima."

Nikaandika. Kichuguu namba kumi na tisa, kisawazishwe. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Bibi alinyoosha shingo akatazama karatasi. Hakujua kusoma. "Umeandika?" akauliza.

Nikamjibu, "Nimeandika, bibi."

Je, nilidanganya? Nilikuwa nimeandika kweli. Ndivyo nilivyojitetea kwa muda mrefu. Yule bibi alisimama kwa shida, akachuma majani mabichi, akaniwekea kichwani na kunibariki kwa lugha yake. Halafu akageukia kaburi, akawa anamsimulia mumewe kwa furaha, huku akininyooshea kidole. Nilivaa yale majani kichwani hadi tulipopotea machoni pake, kisha nikayapangusa kama mtu anayepangusa vumbi.

Nikarudi shule. Mwalimu wa historia akatupa insha kuhusu unyang'anyi wa ardhi enzi za ukoloni. Weee, niliandika! Kurasa sita. Nilieleza jinsi Wajerumani walivyochora mistari kwenye ramani bila kuuliza nani analala pale, jinsi watu walivyopigwa na kufa vitani kwa ajili ya mashamba ya mkonge na kahawa. Niliuliza kwa uchungu, hawa makarani wa wakoloni, weusi kama sisi, walikuwa na mioyo ya namna gani? Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Alisema huyu kijana anaumia kweli na mateso ya binadamu. Mimi niliinamisha kichwa, wenzangu wakadhani ni unyenyekevu.

Likizo ya Juni nikarudi kule kule. Kazi ya daftari ilikuwa imekwisha, ardhi yote imelimwa, ngano imeiva njano mpaka macho yanauma. Nikawekwa kushona magunia. Siku moja kombaini yetu, ile mashine ya kuvunia, ilikata mkanda, na dereva, Gwandu, mtu wa kwetu Mbulu mwenye maneno mengi, akanituma kambini kufuata mwingine. Njia ilikuwa inazunguka mbali. Nikaona nikate katikati ya ngano, ingawa ilikatazwa.

Nilipofika mbali kidogo, upepo ulikoma. Ngano ikikauka inapiga kelele muda wote, ukiizoea huisikii tena. Kelele zilipokoma ndipo nilipojua kwamba zilikuwapo. Nikainua macho, na mbele yangu alikuwa amesimama mzee wa Kibarabaig. Alivaa shuka jeusi lililofungwa begani, ana fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ameshika majani mabichi, yenye umande. Julai inakaribia, nchi nzima imekauka, hakuna jani bichi mpaka milimani! Halafu nikaona miguu yake. Masuke ya ngano yalikuwa yamesimama wima mahali miguu yake ilipokuwa, yanapita kwenye shuka lake bila kupinda.

Mdomo ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Mnajua maana yake? Kwetu mzee akiacha shikamoo yako iangukie chini, basi una kosa kubwa, na unaanza kulitafuta kabla hujasema neno la pili. Mimi sikuwa na haja ya kulitafuta.

"Wewe ndiye mwenye daftari?" akaniuliza.

"Nilikuwa nalo, mzee. Siku hizi nashona magunia."

"Mke wangu alikuja kunieleza. Alisema nisihangaike na kelele za mashine, yule kijana ameniandika." Akanisogelea. Alinuka udongo uliotoka kuchimbuliwa. "Mimi sijui kusoma. Nisomee nilipo."

Hapo ndipo nilipojua ninaongea na nani. Basi nikaona nimjibu alivyotaka: imeandikwa hapa kuna mtu. Ni maneno mepesi. Nilikuwa nimeshamdanganya mkewe, kwa nini nishindwe kwake? Nikafungua mdomo, na haki ya Mungu, nilisikia sauti yangu ikisema kwa ufasaha, kama ninasoma darasani:

"Kichuguu namba kumi na tisa. Kisawazishwe."

"Kichuguu," alisema mzee, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. "Soma tena."

Nikasoma tena. Akasema soma tena. Sijui nilisoma mara ngapi. Nilikuwa nalia na nasoma, na kila nilipojaribu kubadilisha neno lilitoka lile lile. Hakupandisha sauti. Hakunilaani. Angenichapa kwa ile fimbo ningemshukuru.

Mwisho aliuliza, "Sasa mke wangu akija, atanikuta wapi?"

Akayatazama majani yaliyokuwa mkononi mwake, akanitazama mimi, kisha akayaficha ndani ya shuka lake, polepole, nione vizuri kwamba hanipi. Akageuka. Hapo akili yangu ikakatika.

Nilizinduliwa na kofi la Gwandu. Jua lilikuwa linagusa milima.

"Una wazimu?" alifoka. "Mkanda uko wapi? Tangu saa nane nakuona kutoka juu ya kombaini, unazunguka hapa kama punda anayepura ngano, unapayuka peke yako! Nimekuita mpaka koo limekauka!"

Kisha akatazama chini. Nilikuwa nimekanyaga duara kamili, ngano imelala mpaka udongo unaonekana, na nyayo ni zangu peke yangu. Katikati ya duara ngano ilikuwa imesimama, haijaguswa. Upana wake? Ule ule wa kitako cha kilima alichokuwa amekaa yule bibi. Gwandu alivua kofia. Mtu yule, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliniongoza mpaka kambini bila kusema kitu. Kesho yake kombaini ilipita pale kama kawaida, lakini aliyeendesha alikuwa dereva mwingine.

Siku ya tatu niliacha kazi, nikaenda kumtafuta bibi. Nilimkuta mbele ya kijiji cha Nangwa, amehifadhiwa kwa binti yake. Alikuwa amezeeka sana kwa ile miezi sita, lakini alinitambua kabla sijafika mlangoni. Akapiga makofi.

"Huyu ndiye aliyemwandika baba yako!" akamwambia binti. "Mpe maziwa. Mpe mengi."

Nikaletewa kibuyu. Nilikishika kwa mikono miwili, nikashindwa kunywa. Binti akasema mama hajaenda kaburini tangu Desemba ile, njia imefungwa na walinzi wanafukuza, ila analala usingizi kwa sababu anajua mzee yuko salama.

Je, ninyi mngesema ukweli? Ningeweza kunywa yale maziwa, nikaaga, na bibi angekufa siku yake akiwa na amani. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Lakini nilikuwa nimeshaulizwa swali mara moja nikiwa sina jibu, nikaogopa kuulizwa tena.

"Bibi," nikasema, "niliandika kichuguu. Mashine ilipita juu yake. Hakuna kitu pale tena, ni ngano tu. Na nilijua."

Hakulia. Binti ndiye aliyelia. Bibi akapokea kibuyu kutoka mikononi mwangu, akakiweka chini taratibu asimwage. Kisha akanyoosha kiganja chake kitupu.

"Majani yangu," alisema. "Yale niliyokuwekea kichwani. Nirudishie."

Nilitazama huku na huku kama mpumbavu. Kulikuwa na vumbi tu na miba. Akaendelea kunyoosha mkono mpaka nilipoondoka.

Alifariki kabla ya mvua. Mimi nikamaliza shule, nikawa mwalimu, na ndiyo maana mnaniona mnene na mwenye miwani kama mtu wa amani. Kila mwaka nachuma majani mabichi Tlawi, nashuka nayo kwa basi, niyafikishe hata ukingoni mwa lile shamba. Nimeyafunga kwa kitambaa chenye maji. Nimeyatia kwenye ndoo. Mwaka mmoja niliyachuma hatua kumi tu kutoka shambani. Yanafika makavu, yanavunjika kama mabua. Mke wangu haamini mambo haya, akasema atayabeba yeye. Akayabeba mpaka ukingoni, mabichi kabisa, akanikabidhi. Tuliyatazama wote wawili yakikauka mkononi mwangu. Hajaniuliza tena ninakwenda wapi.

Na hata yasingekauka, ningeyaweka wapi? Mashine zilishapita pale msimu baada ya msimu. Alama ya mwisho ya mahali pale ilikuwa lile duara la nyayo zangu, nalo lilivunwa.

Siku hizi nafundisha historia. Kila mwaka mwanafunzi mmoja ananyoosha kidole na kuuliza, mwalimu, wale makarani wa wakoloni walikuwa na mioyo ya namna gani? Nawaambia mioyo yao ilikuwa ya kawaida, na mwandiko wao mzuri. Wanacheka, wanadhani natania.

Basi nawaonya ninyi mnaomaliza shule. Mtatoka hapa mkapewa kalamu na daftari ambalo safu zake amezipanga mtu mwingine. Kuna siku mtu asiyejua kusoma atanyoosha shingo akuulize, umeandika? Chunga sana jibu lako. Huyo anaweza kukuamini na kwenda zake. Lakini mwenyewe uliyemwandika atakuja mchana kweupe, hataitikia shikamoo yako, naye atataka umsomee.