Pampu ya Gari la Baba

Baba alianguka Jumamosi moja asubuhi, akiwa ameifungua pampu ya mafuta ya gari lake. Mama alikuwa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alisikia bati likigongwa, akadhani ni mbuzi, akaendelea kukata majani. Alipokwenda kumwita baba akanywe uji alimkuta amelala kifudifudi kwenye kibanda cha gari, mkono mmoja chini ya tumbo, vipande vya pampu vimetawanyika vumbini. Majirani waliokuja mbio kumbeba walivikanyaga. Springi moja ndogo hatujaiona mpaka leo.

Mimi nafundisha biolojia katika sekondari moja wilayani Biharamulo. Naweza kuuchora ubongo ubaoni bila kutazama kitabu. Daktari aliponieleza kwamba mshipa umeziba upande wa kushoto, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia haviendi, niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Na nilielewa kweli. Haikunisaidia chochote.

Baada ya wiki tatu tulimrudisha nyumbani Kibimba. Maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: bado. Kihangaza, lugha aliyokulia, kilikuwa kimeondoka chote, na katika Kiswahili chake cha kazini lilibaki neno hilo tu. Baba, umekula? Bado. Unaumwa? Bado. Shikamoo, Baba. Bado. Wageni wengine walicheka, kisha wakaona aibu wakatazama chini.

Gari lenyewe ni la michezo, la viti viwili, la kijani, na juu lina turubai la kukunja. Limekaa chini sana, ukiwa ndani unatazamana na kuku. Mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuja miaka ya wakimbizi kushughulikia maji ya makambini alilileta juu ya lori, watu wakamwona kama kichaa. Baba alikuwa dereva na fundi wake. Mhandisi alipoondoka alimwachia, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuliwasha. Lilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Baba alilitoa Jumapili za kiangazi tu, baada ya misa, mama akiwa kando yake amefunga kitambaa kichwani kwa mafundo mawili. Hawakwenda mbali. Walifika kwenye lami, wakageuza.

Ukiwasha swichi, kabla hujapiga stata, pampu iliyokuwa nyuma karibu na tangi ilianza kugonga, tak, tak, tak, kisha ikanyamaza. Hapo mafuta yameshafika. Baada ya kiharusi, baba alijikokota kila asubuhi na fimbo mpaka kibandani, akajiangusha kwenye kiti, akageuza swichi kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa kusikiliza. Nyuma hakukuwa na kitu, ila nyaya mbili zinazoning'inia. Alijua, kwani ndiye aliyeitoa pampu. Hata hivyo alisikiliza, na kila asubuhi alilia. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, sikuwahi kumwona baba yangu akilia.

Likizo ya Juni ilipoanza nilitia mabaki ya pampu kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda kutafuta nyingine.

Nilianzia Nyakanazi, kwa sababu malori yote yanapita pale na maduka ya spea yamepangana kando ya barabara. Muuzaji wa kwanza alichungulia mfuko wangu akaniuliza kama ni ya mashine ya kusaga. Wa pili aliniletea pampu ya lori, nzito kama kichwa cha ng'ombe. Wa tatu alisema, "Madam, leta gari tulione." Nilimwambia gari haliwezi kuja kwa sababu halina pampu. Alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye simu yake. Nilikaa kwa mama ntilie nikala wali maharage, nikafikiri kwamba mtu aliyezoea kusahihisha majibu ya wengine hana habari jinsi ilivyo kusimama mbele ya swali ambalo hata maneno yake huyajui.

Kesho yake niliingia duka moja Biharamulo mjini, la mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani kufanya biashara huku. Nilimpita miaka yote nikienda kununua chaki na madaftari, sikujua kwamba ujana wake wote alikuwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

Alimwaga vipande kwenye gazeti, akavipanga kimoja kimoja, akavaa miwani.

"Gari lina kabureta?"

"Sijui, mzee."

"Ngapi? Moja, mbili?"

"Sijui."

"Betri yake imefungwa vipi? Waya unaokwenda kwenye bodi ni wa chanya au wa hasi?"

Nilihisi joto usoni. Aliuliza tena polepole, kama nilivyozoea kuwauliza wanafunzi wa kidato cha kwanza. "Basi tumuulize mwenye gari," akasema.

"Mwenye gari ni baba. Alipata kiharusi. Hasemi."

"Hasemi kabisa?"

Nilimpigia mama simu. Simu yake ni ya kubonyeza, haipigi picha. Alikwenda nayo kibandani, akaiweka sikioni mwa baba, nami nikaweka sauti kubwa ili mzee asikie. Nikauliza kama gari lina kabureta.

"Bado," baba akasema.

Nikauliza habari ya betri.

"Bado." Kisha pumzi zake, ndefu, na nyuma yake mama akisema kwa Kihangaza kwamba inatosha, anachoka.

Mzee alivua miwani. Akatoa pampu mbili chini ya kaunta. Moja ilikuwa nyembamba na ndefu, inang'aa, ya magari ya siku hizi. Ya pili ilikuwa kijisanduku kidogo cha mraba. "Hii ndefu inasukuma kwa nguvu sana," alisema. "Hii ndogo inasukuma taratibu. Ukikosea, utaharibu. Siwezi kukuchagulia kitu kwa gari nisilolijua. Chukua zote mbili, mwonyeshe baba. Anaweza asiseme, lakini macho anayo. Isiyofaa utanirudishia."

Nilifika nyumbani mchana. Baba alikuwa kwenye kiti cha kamba chini ya upenu. Niliweka pampu zote mbili kwenye stuli mbele yake, na nikaona uso wake ukifunguka. Aliishika ile ndogo, akaigeuza, akasoma maandishi yake madogo, akaikandamiza kwenye paja na kuijaribu nati kwa kidole gumba.

"Ni hiyo, Baba?"

"Bado."

Akaiweka chini. Akachukua ile ndefu.

"Hiyo?"

"Bado." Akaisukuma mbali. Kisha akairudia ndogo, akaisukuma nayo.

Nilijaribu kila njia niliyoifahamu. Nilimwambia apige fimbo mara moja kwa hii, mara mbili kwa ile. Alipiga mara nne, tano. Nilichora kwenye karatasi. Alichukua kalamu, akavuta mstari mmoja uliopinda, akauangalia kama mtu mwingine ndiye aliyeuchora. Hatimaye nilisema kwa sauti niliyoitumia darasani, "Baba, niambie basi! Ipi?"

Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Baba hakukasirika. Alinishika mkono juu ya kifundo, akanibana kidogo, kidogo sana, akaniangalia. Kisha akanibana kwa nguvu zake zote mpaka nikalia "Ah!" Kisha tena kidogo. Mbano ule wa katikati, wa nguvu, ndio nilioukumbuka. Nikaelewa kwamba anataka yenye nguvu.

Tulimwita fundi pikipiki wa pale kijijini. Alifanya kazi nusu siku chini ya gari. Alipounga nyaya mara ya kwanza pampu ilinguruma lakini haikuvuta mafuta. Akazibadilisha, nyekundu hapa, nyeusi kule, ikavuta. Tulipiga makofi. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini. Baba alikuwa ameshaketi kwenye usukani, tulishindwa kumzuia.

Injini iliwaka. Ilikohoa, ikapanda juu, na baba akafungua mdomo wote kucheka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke. Kisha akaacha kucheka. Alianza kupiga mlango kwa mkono wa kushoto. "Bado! Bado! Bado!" Mimi nilidhani ni furaha, hata nilimpungia mkono. Fundi ndiye aliyenusa. Petroli ilikuwa inabubujika kutoka kwenye kabureta, inamwagika juu ya bomba la moto, moshi mweupe unapanda kupitia kwenye boneti.

Nilikimbia upande wa baba nikamshika kwapani. Nimesema gari limekaa chini sana. Mtu mzima aliyepooza upande mmoja, ndani ya shimo lile, ni mzito kuliko gunia la mahindi. Nilivuta. Hakusogea. Nilivuta tena, shati lake likachanika mkononi mwangu, naye ananitazama usoni, ameacha kupiga kelele. Mama alikuwa anamwaga mchanga na majivu kwa sufuria, anaomba kwa sauti. Fundi aling'oa waya wa betri kwa mikono mitupu. Pampu ikanyamaza, injini ikatapatapa, ikafa. Moto haukuwaka. Sijui kwa nini haukuwaka.

Tulikaa chini wote, baba ndani ya gari na sisi mchangani.

Nilimpigia mzee wa duka nikamweleza kila kitu, hata lile la kupiga kelele. Nilitegemea anigombeze. Aliuliza tu nyumba iko wapi. Siku mbili baadaye alikuja mwenyewe kwa gari la mpwa wake, amevaa kofia yake na koti la suti, ana dumu dogo la plastiki na kipande cha mpira. Baba ndiye mkubwa, kwa hiyo aliinama akamwamkia: "Shikamoo, kaka."

"Bado," baba akajibu, na mzee akaipokea kama marahaba kamili.

Hakumuuliza swali hata moja. Alifungua boneti, akaanza kufanya kazi, kila kitu akikifanya polepole mbele ya macho ya baba, tuliyemketisha karibu na boneti. Alipoushika waya wa hasi wa betri kuusogeza kwenye bodi, baba alinyoosha mkono, akamshika. Mzee akabadilisha, akaushika wa chanya. Baba akamwachia.

"Unaona?" mzee aliniambia bila kugeuka. "Gari hili chanya ndiyo bodi. Mlipolazimika kubadilisha nyaya na fundi, gari lilikuwa linawaambia hilo."

Nilimweleza baba alivyonibana mkono. Aliniomba nimwonyeshe. Nikambana kidogo, kwa nguvu, kidogo. Aliguna. "Alikwambia vizuri kabisa, mwanangu. Laini. Ile ya nguvu, hapana. Laini."

"Kwa nini basi aliikataa na hii ndogo?"

"Nguvu yake ni sawa. Lakini ni ya magari ambayo bodi ndiyo hasi. Ukiifunga kwenye gari hili inaungua siku hiyohiyo. Amezikataa zote kwa sababu zote si zake." Akamgeukia baba. "Si ndiyo, kaka?"

Baba alifumba macho akayafumbua. Miezi miwili alikuwa anafundisha, na hakuna mwanafunzi.

Mzee alining'iniza dumu la petroli kwenye mti wa kibanda, juu ya injini, akashusha mpira mpaka kwenye kabureta. Mafuta yateremke yenyewe, alisema, kabureta haitaki zaidi ya hapo. Tulimweka baba kwenye kiti cha kamba, mbali, si ndani ya gari. Injini iliwaka kwa jaribio la pili tu, ikatulia, sauti nene ya chini. Baba aliisikiliza mpaka dumu likaisha, karibu robo saa, mkono wake wa kushoto juu ya goti la mzee aliyeketi kando yake. Mama alikwenda ndani akarudi amefunga kitambaa.

Mzee aliagiza pampu inayofaa, ya bodi chanya, kupitia kwa jamaa yake aliye jijini. Alituonya kwamba ingechukua muda, kwa sababu vitu kama hivyo vinatoka nje. Nilirudi shuleni. Nilipiga simu kila Ijumaa. Julai ikapita, Agosti ikapita. Septemba, mvua za kwanza zilipoanza, baba alipata kiharusi cha pili, na safari hii kilichukua hata lile neno moja. Hakuweza tena kukaa wala kushika kitu.

Pampu ilifika wiki tatu baadaye, nikaomba ruhusa shuleni nikaenda nyumbani. Mzee aliifunga mwenyewe, na alikataa hata chai mpaka amalize. Nilimwomba mama tukisogeze kitanda cha baba karibu na dirisha linalotazama kibanda, tukafungua mbao zote mbili. Mzee akanipa ishara nikageuza swichi. Tak, tak, tak, kisha kimya. Nikapiga stata. Ilikuwa ndiyo pampu yenyewe, mafuta hayakumwagika hata tone, na injini iliwaka vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia.

Niliiacha inaunguruma, nikatoka nikasimama dirishani. Baba alikuwa amelala anatazama juu, kwenye bati. Nilimwita. Nilimwita mara tatu. Mama, aliyekuwa ameketi kitandani, alimgeuza uso kwa viganja viwili kuuelekeza nje, akaushikilia hapo. Macho yake hayakufuata.

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Zima, mwanangu," alisema.

Nikazima. Nikanawa mikono kuondoa harufu ya petroli, nikaingia ndani tumgeuze baba ubavu wa pili, kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.