Alifunga Mwezi Mzima, Nikamwita Mzinzi

(Barua hii imetufikia kwa herufi za Kiarabu. Jina la mwenyewe tumelificha kama alivyotaka.)

Mimi ni mtu mzima, nimepita sitini, nina mjukuu, nakaa Likoni. Kusoma kwangu ni kwa chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, na hati zangu ndizo hizi, mbaya lakini za mkono wangu. Sikutaka mtu aniandikie, maana huku kwetu ukimpa mtu siri asubuhi, adhuhuri iko sokoni na samaki. Na nyinyi mtakaotaka kunitukana, nitukaneni, lakini kwanza someni mpaka mwisho.

Mwanangu wa pekee yuko vitani na jeshi la Waingereza, huko Bama ng'ambo ya Bara Hindi, mwaka na nusu sasa. Aliniachia mkewe na binti yao wa miaka mitano. Huyu mkaza mwanangu nitamwita Zuhura. Kwao ni Rabai, alisoma kwa wamisheni, kisha akasilimu ndipo akaolewa. Sikumtaka. Sisi ni watu wa mji, na sikumficha hilo. Lakini nilimfundisha mwenyewe udhu, sala na sheria zote za hedhi: damu ikija, sala huachwa, na saumu huachwa ikalipwa baadaye. Akashika vizuri kuliko mabinti waliozaliwa ndani ya dini.

Sasa, katika nyumba ya wanawake hakuna haja ya kuulizana. Msala wa mtu ukikaa umekunjwa siku tano sita, wenziwe washajua. Mwaka huu wa njaa nikaona msala wa Zuhura haukunjwi. Rajabu kimya. Shaabani kimya. Ikaingia Ramadhani, akafunga thelathini kamili, hakula hata siku moja. Nambieni nyinyi wanawake, mtu wa miaka ishirini na minne hufungaje thelathini? Na alikuwa akifua nguo za askari kambini, hutoka alfajiri, hurudi alasiri. Mie nikaona hapana la kuuliza tena.

Idi ilipopita nikamkabili. "Wee Zuhura, damu yako iko wapi?"

Akainama. "Sijui, mama. Hata mie naogopa. Nadhani naumwa."

"Unaumwa? Mimba hiyo huijui?"

"Wallahi, mama, sijaguswa na mtu tangu mume wangu aondoke."

"Usimtaje Mungu kwa mdomo huo!"

Nikaketi siku ile ile nikamwandikia mwanangu: mkeo ametuaibisha, ana mimba ya kambini, fanya linalompasa mwanamume. Barua ikaenda.

Juma lililofuata nikamwita mkunga wetu, bibi wa rika langu, aje anishuhudie. Akamlaza Zuhura mkekani, akambonyeza, akambonyeza tena. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Tumbo hili halina mtoto. Halina hata chakula! Huyu kwako hula nini?"

"Hula tunachokula sote."

Mjukuu wangu akadakia pale mlangoni: "Mama hali, bibi. Mama hukwangua sufuria."

Wallahi, hapo nikaelewa. Maana kila jioni Zuhura huniwekea sahani na kusema, "Kula, mama, mie nimekwisha kula jikoni." Nami nikila. Nikila na kulalamika kwamba ugali wa mahindi haya ya manjano hauna ladha, na mchuzi hauna nazi! Sehemu yake ilikuwa tumboni mwangu, na kwa shibe hiyo hiyo nikapata nguvu ya kumtukana.

Mkunga akanisomea vizuri. "Mwili wenye njaa haupotezi damu usiyo nayo, huizuia. Kazi nzito huizuia, na huzuni, na hofu ya mume aliye vitani. Mwaka huu nimeona wengi hivi, hata wasichana wanaopigwa bure na mama zao. Mimba ni sababu moja, wewe umeifanya ndiyo peke yake. Mlishe, mpunguzie kufua. Isiporudi, mpeleke kwa daktari, yaweza kuwa maradhi ya ndani."

Tangu siku ile nagawa chakula mwenyewe na kumkalia mpaka ameze. Mwezi wa pili asubuhi nikaukuta msala umekunjwa. Akasema kwa haya, "Leo sali peke yako, mama." Nikalia hata sala ikanipotea. Nikamwomba radhi. Akanijibu, "Yamekwisha, mama. Njaa imetutia wazimu sote."

Lakini habari ya barua sikumwambia. Kiburi, basi. Nikaandika ya pili kwa siri kuikanusha ile ya kwanza, lakini nani ajuaye ipi imefika?

Ijumaa iliyopita mwanangu amejibu. Yeye siku hizi huandika kwa herufi za Kizungu, nami sizijui, na msomaji wa nyumba hii tangu hapo ni Zuhura. Akaja nayo mbio, mikono ina povu la sabuni. "Mama, barua! Nikusomee?" Nikamnyang'anya. Nikasema kichwa chaniuma. Leo siku ya nne iko chini ya godoro. Kila saa: "Mama, kichwa hakijapoa? Mwenzio nataka kujua tu kama yu hai."

Ikiwa mna talaka mle, ataisoma talaka yake kwa kinywa chake, mbele yangu, akidhani ananitendea wema. Nikimpa mtu mwingine asome, Likoni nzima itajua. Nikiichoma, na kumbe ameachwa, atakaa akimngoja mume asiye wake, na dhambi hiyo nitaibeba mimi.

Nyinyi mnaojua kushauri watu, mie ulimi wangu haujazoea kuomba, lakini nawaomba. Nimwambie kwanza nilivyomfanya, au niitafutie msomaji kwanza nijue? Na nikimwambia, naanzia wapi? Upesi, jamani. Saa hii amesimama mlangoni na sahani yangu, anauliza tena juu ya kichwa. Nimemwambia aketi, ale yeye kwanza.