Siku Nilipomwigiza Shangazi Mwanaidi Kwenye Maiki

Kuna aibu ukiikumbuka, hata uwe unaoga peke yako, unajikuta umefumba macho, na hii yangu ya kule kijijini Mnyuzi ndiyo ya hivyo, tena niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulikuwa tunamuaga binamu yangu anaolewa Handeni, mimi ndiye MC (hakuna aliyeniajiri, nilijipa kazi), na chakula kimechelewa kwa sababu mpishi mkuu, Shangazi Mwanaidi, aliyenilea tangu nina miaka minne, kakataa mchele uingie sufuriani mpaka uchambuliwe mara ya tatu. Wageni wameshaanza kuangalia simu. Nikajisemea ngoja niwachekeshe kidogo na tabia zake, si yuko jikoni huko nyuma (kumbe spika kubwa kuliko zote niliielekeza huko huko mwenyewe).

Nikaanza na mchele, punje moja moja, watu wakacheka. Nikahamia kwenye kufuli la nyumbani kwake: nafunga, natikisa, naondoka hatua mbili, narudi, natikisa tena, "jamani nimefunga au sijafunga?" Watu wakaangua kicheko mpaka mzee mmoja kofia ikamdondoka, na mimi kichwa kikavimba, nikaongeza na kunung'unika kwake, sijui kwamba wanacheka hivyo kwa sababu mwenyewe kasimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Umekosea, baba," akasema, akaichukua maiki. "Mimi sitikisi mara mbili. Natikisa mara saba, na nikikatishwa naanza upya. Na najua limefungwa, hiyo ndiyo shida yenyewe, najua na bado miguu haiondoki."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mchele nauchambua kwa sababu naipenda kazi yangu," akaendelea. "Hilo la kufuli silipendi. Basi nyie chekeni la mchele."

Akanirudishia maiki, akarudi jikoni, na watu wakampigia makofi ambayo mimi tangu nianze kushika maiki sijawahi kupigiwa. Jamani, yule mama ana moyo, ningekuwa mimi ningeikimbia hata hiyo sherehe.

Nikamfuata. "Shangazi, nisamehe, nimekudhalilisha."

"Umeniumiza," akasema bila kuniangalia. "Kesho asubuhi njoo unisindikize gulioni." Halafu akanipakulia pilau, nikala nimeinamisha kichwa.

Asubuhi nikafika na bodaboda. Shangazi akafunga mlango, akaanza kutikisa kufuli, na mimi nimesimama pembeni sina hata utani mmoja mdomoni. Alipofika ya sita dereva akapiga honi. Shangazi akashusha pumzi, akaanza tena ya kwanza. Nikamwambia dereva azime pikipiki, na kumwigiza mtu kwenye maiki niliacha pale pale mlangoni, maana nilijikuta nahesabu naye kimoyomoyo, namwomba Mungu amfikishe saba.