Gauni la Shuka

Hakuna maneno ninayoyachukia kama "nishonee kitu kirahisi tu." Huja pamoja na joto. Ikifika Januari, Same inapowaka na upepo wake unatumwagia vumbi machoni, kila mwanamke mjini hukumbuka kwamba ana shuka la mtumba chini ya godoro na kwamba mimi nina cherehani. Anakuja kibarazani kwangu na simu mkononi, ananionyesha Mzungu aliyegeuza foronya kuwa gauni la mtoto kabla chai haijapoa. Kata juu, pitisha utepe, kwisha. "Si unaona, fundi? Rahisi!" Ndiyo, rahisi. Nenda kashone mwenyewe.

Sisemi hivyo. Nasema, "Karibu, kaa hapo," kwa sababu joto hilo ndilo linalonilisha. Kazi yenyewe naipenda. Walionishinda ni watu. Shuka zito la pamba, lililofuliwa huko lilikotoka mpaka likalainika, halina mpinzani kwa hali ya hewa yetu. Halidai zipu wala bitana. Unalikunja, unakata shingo, unashona mbavuni, unaacha nafasi kubwa chini ya mikono upepo upite. Shati la mwanamume lililochakaa kola linatoa blauzi ya msichana, pazia linatoa sketi. Nachagua mwenyewe gulioni, asubuhi belo la mitumba linapofunguliwa, na nimeshagombania shuka pale na wanawake ninaosali nao kanisa moja. Nguo yoyote nikiishika, kitu cha kwanza ni kuigeuza ndani nje nione mshono. Nje nguo inadanganya. Nimewahi kugeuza pindo la koti la mchungaji huku ananisalimia.

Gauni la mama lilitoka kwenye shuka la namna hiyo. Mama alikuwa mtu wa Bombo, huko juu milimani, mtu wa ukungu na sweta. Mwaka mmoja alishuka kunitembelea wakati wa joto, akafika na sweta lake, na kitenge juu ya sketi, akakaa mlangoni anahema na anakataa kuvua chochote. Siku hiyo nilikuwa nimetoka gulioni na shuka jeupe lenye maua madogo ya buluu, pamoja na foronya yake. Nikampima kwa macho, nikakata.

"Mimi nivae kitanda cha Mzungu?" akasema. "Na kama alifia humu?"

"Kama alifia humu, alilala pazuri."

Alilivaa, akanyanyua mikono, upepo ukaingia, akacheka kama msichana. Alipanda nalo Bombo, akawa analivaa kanisani Jumapili hadi Jumapili, sweta juu yake. Foronya nikabaki nayo mimi, nimeikunja kwenye sanduku la vitambaa. Sikuwahi kuikata.

Kisha mama akafariki.

Kwenye ukoo wetu, nguo za marehemu hugawiwa siku ya kumaliza matanga, na aliyemwosha na kumvalisha ndiye huchagua kwanza. Nguo hizo hazitiwi mkasi mpaka mwaka uishe. Aliyemwosha mama ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyeishi naye ua kwa ua tangu mama aolewe. Mwanamke mnene, sauti yake inaweza kuita ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. Kwenye rundo kulikuwa na vitenge vipya, havijavaliwa hata siku moja. Kulikuwa na koti zuri la sufu. Lakini gauni la maua ya buluu kila mtu alijua ni la nani: mimi niliyelishona. Nilikuwa nimeshalishika, nimeanza kuligeuza kama kawaida yangu, shangazi akainama na kulichomoa mikononi mwangu mbele ya ukoo mzima.

"Hili nachukua mimi," akasema, akalitia kwapani.

Lisingepita hata begani kwake. Nililia pale pale, mtu mzima mwenye watoto, naye akaniangalia kidogo, akawageukia wengine. "Haya, chagueni vitenge."

Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wanaosema hivyo hucheka. Mimi sichekagi, kwa kuwa ningeuza ng'ombe huyo na ndama wake. Kwa vile hakuna mahakama inayosikiliza kesi ya gauni, nilitoa hukumu yangu mwenyewe: shangazi hatapata tena shikamoo kutoka kinywani mwangu. Mtu wa kwetu anaweza kugombana na mkubwa wake kuhusu mpaka wa shamba, wakatukanana, na asubuhi akamwamkia kwanza kabla hawajaendelea kutukanana. Kumnyima mkubwa shikamoo ni kumwambia hayupo. Nilitaka asiwepo. Krismasi ya mwaka uliofuata nilimkuta mlangoni pa kanisa, nikamwambia, "Habari za hapa," na watu waligeuka kunitazama. Wageuke.

Januari hii akaja. Alishuka kwenye basi la Bombo, akatembea kutoka stendi kwenye jua lile akivuta mguu, kikapu cha tangawizi mkononi. Nilikuwa kwenye cherehani. Nilimwona tangu mbali na sikunyanyuka.

"Karibu," nikasema.

"Same siku hizi hakuna shikamoo?"

"Kuna joto tu. Kaa hapo."

Alikaa kwenye benchi la wateja. Akachakura chini ya tangawizi, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko likatoka gauni la mama, limekunjwa vizuri, linanuka moshi wa jikoni na sabuni ya kipande.

"Nataka unitanulie," akasema. "Mwaka umeisha."

"Mafundi wa Bombo wamekufa wote?"

"Wapo. Nimekuja kwako."

Nilikuwa nimeshaamua kabla hajamaliza kusema. Nitamwambia kitambaa kimeoza, hakishiki uzi tena. Nitamkatia jingine kwenye shuka lolote lile, tena kubwa, apande nalo basi la kurudi. Hili halipandi tena Bombo. Sikuona aibu hata kidogo. Mali yangu ilikuwa imerudi yenyewe kwa miguu.

Nikaligeuza ndani nje.

Mbavuni, mahali nilipoacha mshono mmoja kila upande, palikuwa na mistari. Uzi mweusi wa nailoni, ule wa kushonea magunia, kwenye kitambaa cheupe! Mishono mirefu ya mkono, imepinda, imefungwa mafundo manene kama ya kufungia mbuzi. Mstari, na ndani yake mstari, na ndani yake mwingine. Damu ilinipanda kichwani.

"Nani kachinja kazi yangu hivi? Ndicho ulicholichukulia, uje uliharibu?"

Nikavuta cherehani pembeni, nikalitandaza gauni mezani nimwonyeshe vizuri alichokifanya, na hapo ndipo nilipoona ambacho nilipaswa kukiona mwanzo. Mistari ilikuwa inaingia ndani. Mtu mnene hapunguzi gauni. Nikapima kwa kiganja kutoka mstari wa ndani kabisa wa upande huu hadi wa upande ule. Angeingia mtoto wa shule.

"Hii mishono ni ya nani?" nikauliza, polepole sasa.

"Mkono ni wangu. Kipimo ni cha mama yako." Alitazama barabarani, magari yanavyopita. "Alikuwa hawezi tena kutunga uzi. Ananiita, tunafunga mlango, namshonea. Akipungua tena, ananiita tena. Alitaka kila ukija ukute linamkaa."

"Nilipanda Krismasi. Nilipanda Pasaka. Nilikaa naye jikoni!"

"Na sweta, na kitenge, na blanketi juu. Nani alikuwa anamfunga hivyo, unadhani?"

Nilimchukia wakati ule kuliko siku ya matanga. Nilimchukia na mama pia, ndiyo, marehemu na yote, aliyekaa na mimi kwenye mafiga akinisukumia sahani ya makande na kusema yeye ameshashiba. Nilipiga meza mpaka mkasi ukaanguka. Nikamwambia shangazi kwamba wao wawili walikuwa wachawi, kwamba ningemleta mama huku, ningempeleka hospitali.

"Alipelekwa. Daktari alisema hatapona, naye akamsikia. Akaniapisha usiambiwe."

"Na wewe ukakubali!"

"Alikuwa wifi yangu kabla hajawa mama yako," akasema shangazi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ile ya kuita ng'ombe ilikuwa ndogo. "Siku ile ya matanga ulishaanza kuligeuza. Mbele ya watu wote. Nikaona ukifika ndani utaanguka pale, nami nilimwahidi hutajua mpaka mwaka uishe. Sasa umeisha. Nitanulie gauni langu."

Gauni lake. Nilitamani kumtupia. Ule uongo wa kitambaa kuoza ulikuwa bado uko tayari mdomoni. Nilikuwa na wembe mkononi, na ilitosha kusema tu.

Nikaanza kufumua, kuanzia mstari wa ndani kabisa. Nailoni haikatiki kirahisi, inateleza, na mafundo yake nilikuwa nayang'oa kwa meno. Mstari ulipoachia, gauni likatanuka kidogo, na hiyo ilikuwa Pasaka, mama chini ya blanketi. Nikafumua mwingine. Mama akanenepa. Nikafumua mwingine, ikawa ile Krismasi aliponiambia amechoka na safari ya kanisani tu. Machozi yalikuwa yanadondokea kitambaa na sikuyafuta, ya nini. Shangazi naye alikuwa amekaa tu, anaokota nyuzi nyeusi sakafuni na kuzisokota kwenye kidole. Mwisho nikaufikia mshono wangu mwenyewe, wa cherehani, umenyooka, wa siku ile mama alipocheka mlangoni. Nikaufumua na huo.

Halikumtosha bado. Vilipungua vidole vitatu kila upande.

Nikakaa nikiliangalia. Kisha nikaenda kwenye sanduku, nikatoa foronya, nikaikata katikati. Niliunga kipande kila ubavu, nikapiga pasi. Maua ya foronya yalikuwa buluu kali bado, hayajawahi kuona jua, na ya gauni yalikuwa yamepauka kwa kufuliwa, kwa hiyo mbavuni pamebaki njia mbili zinazong'aa. Matundu ya sindano ya magunia hayakuziba. Niliyapiga pasi mara nyingi, hayakuziba.

Shangazi alilivaa nyuma ya pazia, akatoka bila sweta, miguu yake mizito wazi, akasimama kibarazani kunipa mgongo. Upepo wa Same ukaja na vumbi lake kama kawaida. Akanyanyua mikono ili uingie.

"Limenikaa?"

Lilimkaa. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo.

"Shikamoo, shangazi."

Hakugeuka. Alishusha mikono, akajipangusa uso kwa kiganja, akakohoa kidogo.

"Marahaba," akasema. "Pindo la nyuma limepanda."

Lilikuwa limepanda kweli. Nikatia pini mdomoni, nikapiga magoti nyuma yake, nikalishusha.